Mashua Moja, Nyumba Mbili

Mwaka umezunguka tangu ulipotutoka, Baba Vivianne, na mashua yako bado iko vipande viwili. Kipande kimoja kiko hapa Malaba nyuma ya jikoni yangu, kimelazwa juu ya mawe, kuku wanatagia ndani. Kingine kiko Sigalame kwa mke mwenzangu, kimefungwa mnyororo kwenye nguzo ya nyumba. Nimeanza na hilo kwa sababu ninakujua. Hata huko uliko, kabla hujauliza habari za watoto, ungeuliza habari za mashua.

Familia nyingine zikiandika kumbukumbu gazetini huanza na machozi. Ya kwangu yalikwisha. Nilichobaki nacho ni hasira, na sina pa kuipeleka isipokuwa kwako. Kaka yako Zephaniah ameniambia tangazo la aina hii huwa ni mistari mitano na picha ya marehemu akiwa amevaa koti. Nikamwambia hiyo mitano aiandike yeye. Na picha ya koti hatuna, maana koti lako uliligeuza matambara ya kupangusia gundi.

Wewe ulikuwa Egesa wa trela. Kila dereva aliyewahi kukwama kwenye foleni ya mpakani Malaba anaijua mikono yako. Trela ikivunjika, ulilala chini yake na mashine ya kuchomelea, mvua inyeshe, jua liwake, mpaka iondoke. Sikuwahi kukusikia ukimtukana mtu. Dereva mgeni akija amechoka ulimleta kwangu hotelini ukasema, "Mama, huyu boss ametoka mbali, mpe chapati na maharagwe kwanza, maneno baadaye." Geti la kanisa la kwetu Adungosi ulilichomelea wewe, na mpaka leo halilii likifunguliwa.

Tulikuwa tunaishi vizuri tu. Halafu likaja lile lori.

Lilikuwa limetoka Mombasa na mzigo wa tajiri fulani wa Uganda, na mzigo wenyewe ulikuwa mashua nyeupe yenye mitumbwi miwili mirefu, imeunganishwa kwa vyuma, katikati wavu wa kukalia, mlingoti umelazwa juu. Karatasi za forodha hazikuwa sawa, kwa hiyo lori likakaa foleni siku nyingi. Watu walipita, wakaangalia, wakacheka, wakaenda zao. Wewe uliacha trela ya watu imeinuliwa kwa jeki, ukapanda juu ya ile mashua, ukakaa. Nilikuletea chai hapo juu, ukainywa bila kuniangalia. "Mama Vivianne," ukasema, "unaona hii haina vile inaweza kulala upande?"

Sikuona. Ulinieleza mpaka chai ikapoa. Ukasema mashua za kawaida zina tumbo moja, upepo ukizipiga zinalala, na watu wanakaa roho mkononi. Hii ina matumbo mawili, moja likitaka kwenda chini lingine linalizuia, ndiyo maana inasimama sawa na inakimbia. Mimi nilikuwa na unga wa kukanda. Nilikuitikia tu ili ushuke.

Lori lilipoondoka ulikuwa umeshaipima yote kwa kamba, umepiga fundo kila mahali palipokuvutia. Jirani yetu Ongodia alinivuta pembeni akasema, "Mama, mzee wako amerogwa na mtu wa Mombasa." Nilimkatalia wakati ule. Siku hizi sijui.

Hapo ndipo ulipoanza kutuchanganya, mimi na mwenzangu Roselida. Wewe ulikuwa mtu wa haki, na haki hiyo ilikuwa ugonjwa. Ukiniletea samaki, lazima na Sigalame waende samaki. Ukilala huku wiki moja, kule wiki moja. Sasa mtu mwingine akitaka kujenga mashua angechagua mahali pamoja akajenga. Wewe hapana. Mtumbwi wa kushoto ukajenga hapa Malaba nyuma ya jikoni, wa kulia ukajenga Sigalame kwa Roselida, ili nyumba moja isije kusema nyumba ile nyingine imependelewa. Ulisafiri na ile kamba ya mafundo mfukoni ili mtumbwi wa huku usizidi wa kule hata kidole. Nikikupigia simu ukiwa Sigalame, nilisikia randa. Roselida akikupigia ukiwa huku, alisikia randa. Hakuna mke aliyeweza kulalamika kwamba mwenzake ameibiwa mume. Sote wawili tulinyimwa sawasawa.

Na ile harufu! Faiba na gundi, kwenye nywele, kwenye shuka, mpaka kwenye chapati. Dereva mmoja wa Kampala aliniuliza ninapika na mafuta gani.

Mashua yenyewe hukuipa hata jina. Kila mtu alikuambia mashua lazima iwe na jina, ukasema utafikiria. Ulikuwa unaogopa, sema ukweli. Ungeandika Anyait, jina langu, ungelala nje Sigalame. Ungeandika Roselida, ungelala nje Malaba.

Siku ya kuunganisha mitumbwi pale Sio Port ziwani, ufuo mzima ulikuja kuona. Ikaunganika, kila bolti ikaingia kwenye tundu lake, na wewe ukasimama kando unafuta macho kwa kile kitambaa cha gundi. Kisha ukapandisha tanga ulilokata kwenye turubai la lori, na mashua haikusogea. Tanga lilikuwa zito mno. Wavuvi wa omena, dagaa wa ziwani, walicheka mpaka wakakaa chini. Edris wa duka la vitambaa pale Busia ndiye aliyekutafutia nailoni nyepesi, na mke wake Fazila akaishona. Edris hajui hata kuogelea, lakini alikuja mpaka ufuoni kuona kitambaa chake kikijaa upepo. Alipiga kelele mpaka kofia ikamwanguka majini.

Sitakuwa mchoyo, ilikuwa nzuri. Ilipita mashua za watu hivi hivi. Ulibeba madawati ya shule ya kisiwani pale katikati kwenye wavu, yale ambayo mtumbwi wa kawaida hauwezi kuyabeba, na mwalimu mkuu alikupa jogoo. Ulifundisha watoto wetu, Vivianne wa kwangu kwenye usukani na Robinson wa Roselida kwenye kamba za tanga, na kwa mara ya kwanza nikaona watoto wa nyumba mbili wanagombana kwa sababu ya upepo na si kwa sababu ya mama zao.

Pasaka ile ukatupeleka matembezi mpaka kisiwa cha Sumba, mimi na Roselida pamoja. Kusema kweli sikutaka. Ulituketisha kila mmoja juu ya mtumbwi wa kwake, wewe katikati umeshika usukani, unatupigia kelele, "Mama Robinson, sogea mbele kidogo! Na wewe Mama Vivianne, sogea, mtoshane!" Uliweka kikombe cha chai juu ya ubao kutuonyesha kwamba haimwagiki. Kweli haikumwagika. Roselida ndiye aliyemwagika. Alitapika kutoka ufuoni mpaka kisiwani, na mimi nikamshikia kilemba, sikuwa na la kufanya. Jioni tulikaanga samaki mchangani na ukatuambia mkitoka hapo mtafika Mageta, mkitoka Mageta mtafika Uganda, mtazunguka ziwa lote. Roselida akasema, "Wewe zunguka, utanikuta nyumbani." Tulicheka wote watatu.

Sasa nije kwenye mashindano, maana hapo ndipo damu yangu huchemka. Kila Desemba Sio Port hushindanisha mashua za tanga. Mwaka wa kwanza kamati ilikukatalia. Mwenyekiti alizunguka mashua yako akasema, "Mzee Egesa, hizi ni boti mbili. Fungua moja, shindana na moja." Ulimweleza polepole, unajua vile ulivyokuwa mvumilivu. Akasema sheria ni mtu mmoja, boti moja. Mwaka wa pili wakakuruhusu ukimbie kando bila kuhesabiwa. Mkafika mbele ya wote, wewe na Vivianne na Robinson, na hakuna aliyepiga hata makofi, eti hamkuwa mashindanoni. Wewe ukashuka, ukaanza kuwasaidia waliokuja nyuma kuvuta mashua zao mchangani. Aki mimi ningekuwa wewe ningerusha mawe.

Halafu wengine wakaanza kuiga. Vijana wa pale pale Sio Port wakaunga mitumbwi miwili ya baba yao. Kule Majanji, upande wa Uganda, fundi mmoja akatengeneza yake. Kamati ikachoka na maneno yako, ikakubali: kutakuwa na kundi la mashua za mitumbwi miwili, mradi zifike tatu. Zikipungua tatu, hakuna kundi. Ulirudi Malaba siku hiyo unaimba. Wewe, ambaye hata kanisani ulikuwa unafungua mdomo tu.

Na hukufika. Presha ilikuangusha pale gereji, spana mkononi, mbele ya wafanyakazi wako. Nilikimbia na aproni. Tulipofika hospitali ulikuwa umeshakwenda. Watu wa mashua walikuja wote mazishini, hata yule mwenyekiti, na wakasema kundi litasubiri mwaka mmoja kwa heshima yako.

Baada ya matanga wazee wa ukoo wenu walikaa Sigalame kugawa vitu vya marehemu. Mimi ni Mteso wa Adungosi, lakini nimekaa kwenu miaka mingi, najua desturi: vitu huenda kwa nyumba, na kila nyumba lazima iondoke na kitu. Mashua ilikuwa imeletwa uani, mlingoti umeshushwa. Zephaniah, kama kaka mkubwa, alisimama na fimbo yake.

"Nyumba za marehemu ziko ngapi?" akauliza.

"Mbili," watu wakajibu.

Akagonga mtumbwi wa kushoto, akatembea, akagonga wa kulia. "Na hizi ziko ngapi?"

"Mbili!"

"Basi marehemu alishagawa yeye mwenyewe. Sisi tunamalizia tu."

Wakapiga makofi, Baba Vivianne. Makofi! Nikainuka. "Mzee Zephaniah, hiyo ni mashua moja."

"Moja aje, shemeji? Hii si alijengea kwako? Na hii si alijengea kwa Mama Robinson? Mimi sikuwa hapo, ni nyinyi mnasema."

"Alijenga mahali pawili lakini ni kitu kimoja. Huwezi kuendesha nusu."

"Shemeji, ng'ombe wawili wakifungwa nira moja, wanakuwa ng'ombe mmoja?"

 Jibu nimelipata baadaye, mara nyingi, nikiosha sufuria. Vivianne alisimama kueleza habari za upepo, akaambiwa mtoto wa kike akae chini, hayo ni mambo ya wazee. Wakaita wafanyakazi wako mwenyewe wa gereji, na spana zako mwenyewe, wakafungua bolti zote. Vyuma vya kuunganishia vilikuwa viwili, basi kila nyumba kimoja, na Zephaniah akasema, "Mnaona vile inakuja sawa?" Wavu akapewa shangazi yenu aanikie omena. Mlingoti ukaegeshwa ukutani pale pale. Tanga alichukua Zephaniah, eti fungu la kaka mkubwa. Alianikia mihogo juu yake mwaka mzima.

Na wewe, kwa nini hukusema? Miaka yote hiyo unaeleza madereva, unaeleza wavuvi, unaeleza mwenyekiti, umeeleza hata polisi wa kizuizi cha barabarani kwamba mitumbwi miwili ni mashua moja. Kaka yako mwenyewe hukumkalisha chini ukamweleza. Ulisema yeye hapendi maji. Sasa ona.

Robinson alijaribu kuendesha nusu yake. Alifunga gogo pembeni, akapandisha shuka, akaingia ziwani mbele ya wasichana wa soko. Haikufika mbali. Wavuvi walimvuta kutoka majini, na gogo lilifika ufuoni kabla yake. Kuanzia siku hiyo mama yake akatia mnyororo, akasema huo mtumbwi hautaua mtoto wake.

Mwezi huu kamati imetuma ujumbe. Mashindano ni Jumamosi hii. Mashua ya vijana iko tayari, ya Majanji inavuka. Yako ndiyo ya tatu. Lazima iwe mchangani Ijumaa, nzima, waikague. Isipokuwepo kundi linafutwa, na mwenyekiti amesema wazi hawatalirudisha tena, watu watakuwa wamesubiri vya kutosha. Yaani kila kitu ulichobishania, kwisha, kwa sababu ya mnyororo mmoja wa ng'ombe.

Vivianne amehangaika, mtoto wa watu. Alimnunulia Zephaniah turubai jipya, akarudishiwa tanga lenye madoa ya mihogo, Fazila akalifua na kuliziba matundu. Wavu ameupata, unanuka lakini uko sawa. Mtumbwi wangu nimeshauondolea kuku, wamenikasirikia. Kikabaki kitu kimoja, nikafunga safari ya Sigalame mwenyewe.

Nilimkuta Roselida anapukuchua mahindi barazani, mtumbwi uko mbele yake umepanguswa safi, hauna hata vumbi. Hilo lilinishangaza. Tukasalimiana vizuri. Akanipa kiti, akanipa uji.

"Mama Robinson," nikamwambia, "mashindano ni Jumamosi."

"Mashindano ya nani?"

"Ya mzee."

"Mzee amekufa."

"Najua amekufa, nilikuwepo. Nakuomba huu mtumbwi. Watoto wakimaliza kukimbia unarudi hapa hapa."

"Unarudi hapa? Ama unarudi Malaba na ule mwingine, kwa sababu ni kitu kimoja? Si wewe ulisimama mbele ya wazee ukasema ni kitu kimoja?"

"Ni kitu kimoja."

"Basi kikiwa kimoja, kitakaa kwa nani?"

 Akaendelea kupukuchua. Nikafikiri amemaliza, nikaanza kuvaa viatu, nimekasirika kweli kweli. Ndipo akasema, bila kuniangalia:

"Siku ya tangazo la mazishi nilinunua betri mpya za redio. Niliita majirani. Mama Sylvester alikuwa amekaa hapo ulipo wewe. Nilitaka wasikie jina langu. Redio ikasema, Egesa wa Malaba ameacha mjane na watoto wanne. Mjane. Wakakutaja wewe. Mama Sylvester akaangalia chini, akaomba maji ya kunywa."

"Roselida, tangazo sikuandika mimi."

"Sijasema ni wewe. Nasema vile ilikuwa. Watoto wakahesabiwa wote wanne, hata wangu. Mimi nikawa sipo. Sasa wazee wenyewe wakakaa wakanipa huu mtumbwi, mbele ya watu, wakasema nyumba ya Roselida. Hii ndiyo inaonyesha nilikuwa bibi ya mtu. Niutoe nibaki na nini?"

Uji ulinishinda kumaliza. Nilikuwa nimekwenda pale na maneno yangu yote ya bolti na upepo, na hakuna hata moja lililofaa. Nilimwambia nimesikia. Akanisindikiza mpaka barabarani, akanisimamishia boda boda.

Nilipitia kwa Zephaniah. Nilimkuta amekaa juu ya turubai lake jipya.

"Tangazo la redio uliandika wewe," nikamwambia. "Kwa nini mjane mmoja?"

Akajikuna kichwa. "Shemeji, walitaka tangazo fupi."

Fupi! Nilimwacha hapo. Nilihofia ningesema neno ambalo lingenitoa kwenye ukoo. Ndiyo maana hili la leo ni refu, Baba Vivianne, na ndiyo maana linatoka gazetini, ambako betri haziishi na mtu anaweza kusoma akifuatisha na kidole. Wasomaji watanisamehe. Asiyetaka kusoma mambo ya mitumbwi ageuze ukurasa, matangazo ya viwanja yako mbele.

Kabla ya kulipeleka nilimtumia Robinson kwenye simu, kisha nikampigia, nikamwambia amsomee mama yake kwa sauti mimi nikisikiliza. Alisoma yote. Mwenzangu alikatiza mara nyingi. Alisema mnyororo si wa ng'ombe, ni wa geti. Alisema hapo kwa kutapika kulikuwa na haja gani. Alisema wasichana wa soko Robinson hakuwa anawaangalia, na Robinson mwenyewe akakohoa.

Kisha Robinson akafika mwisho, penye majina yetu, akasoma. 

"Soma tena hapo," Roselida akasema.

Akasoma.

"Tena."

Akasoma tena. Nikamsikia anamwambia Robinson atafute ufunguo. Robinson anauliza ufunguo wa nini. Anaambiwa asiwe mjinga.

Nikajua sasa tutapumua. Wapi! Akachukua simu yeye mwenyewe. "Mama Vivianne, umenitanguliza. Wewe ndiwe mkubwa. Watu watasema sina adabu."

"Limeshaandikwa," nikamwambia.

"Basi futa."

"Sifuti."

"Mimi nilitaka kuandikwa. Sikutaka kukupita."

Nikamwambia nimesikia na sifuti. Akakata simu kwa hasira, akapiga tena kuniuliza lori la kubeba mtumbwi litafika asubuhi au mchana, akakata tena. Jina lake nimeliacha palepale lilipo. Akitaka tugombane, anikute ufuoni Ijumaa, nitakuwa nakaza bolti.

Pumzika, Baba Vivianne. Ulitusumbua sana, na tulikupenda sana, na bado hatujui mashua italala kwa nani Jumamosi jioni.

Unakumbukwa na wajane wako wawili, Roselida wa Sigalame na Anyait wa Malaba. Na watoto wako Vivianne, Sylvia, Robinson na Egesa mdogo. Na kaka yako Zephaniah.

Hatutakusahau maisha yetu yote, sisi wawili.